Sura ya kompyuta ya mtumba: kutoka maabara ya MIT hadi steshenari ya Nyarugusu

Nyarugusu ninayoizungumzia ni ya Geita, yenye maduara ya dhahabu na makarasha ya kusagia mawe, si ile ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi. Kwenye miji midogo ya machimbo kama huu, kompyuta ya steshenari mara nyingi ni ya mtumba. Imefanya kazi ofisini mahali pengine, imeshuka bei, imepakiwa kwenye basi, na sasa inachapa mikataba ya wachimbaji wadogo na picha za pasipoti. RAM yake ni GB 2, pengine pungufu, na vumbi la karasha halichagui feni ya kuingia. Ukiipa mfumo wa kisasa wenye madoido mengi, mteja atachoka kusubiri dirisha la kwanza lifunguke.

Mashine hiyo bado ina miaka ya kazi. Ufundi wa kuipa sura nyepesi upo, una umri wa miaka arobaini, na ungestahili kufundishwa Geita kama unavyofundishwa ufundi wa simu.

Ufundi huo ulianzia Marekani. Juni 1984, Bob Scheifler wa chuo cha MIT aliwatangazia wenzake mfumo wa kuchora madirisha kwenye kompyuta za Unix, akauita X. Waundaji wake walishika msimamo ambao mimi nauona wa busara kubwa: X itachora madirisha, lakini haitaamua yaonekane vipi. Rangi, unene wa fremu, mahali pa kitufe cha kufunga, yote hayo yaliachiwa programu nyingine ya kusimamia madirisha, na mwenye mashine ana uhuru wa kuitoa hiyo na kuweka nyingine. Tom LaStrange aliandika programu ya aina hiyo, twm, mwaka 1987. Robert Nation akaichukua mwaka 1993, akaipunguzia ulaji wa kumbukumbu, ikawa fvwm. Kisha ikaja Blackbox ya Brad Hughes, mwaka 1997, ambayo haikuhitaji picha yoyote kwa ajili ya pambo: ilisoma faili fupi la maandishi, ikazichora yenyewe rangi zinazofifia. Fluxbox na Openbox zilichipuka humo.

Tanzania haikuwa na nafasi ya kuichezea X ilipokuwa changa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Ilichukua miaka mingi kufuta athari za uamuzi ule, na kizazi kizima cha mafundi kilikua bila kugusa mashine.

Halafu ukaja mwaka 2004, na Afrika Kusini ikatugusa mara mbili. Mwaka huo AngloGold ya Afrika Kusini iliungana na Ashanti ya Ghana, na mgodi mkubwa wa Geita ukawa wa kampuni moja. Mwaka huohuo, tarehe 20 Oktoba, ilitoka Ubuntu, mfumo wa Linux ulioanzishwa na Mark Shuttleworth, aliyezaliwa mwaka 1973 Welkom, mji wa Afrika Kusini uliojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Ubuntu ya awali ilivaa rangi ya kahawia, rangi ya udongo, hadi ilipobadilishwa mwaka 2010. CD zake zilitumwa kwa posta bila malipo hadi mwaka 2011, na kwa sehemu zisizo na intaneti ya maana, bahasha ile ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe.

Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Idara ya Sayansi ya Kompyuta pamoja na kampuni ya Uswidi ya IT+46, kwa fedha za Sida, shirika la misaada la nchi hiyo. Nasikitika kwamba kazi ile inakumbukwa na wachache mno. Iliwaonyesha Watanzania kuwa menyu ya kompyuta inaweza kusema lugha yao. Lakini tafsiri ya programu nzima inadai wataalamu, na kila toleo jipya likitoka kazi inaanza upya.

Hapo ndipo Openbox inaponivutia zaidi. Ukiiwasha, skrini ni tupu kabisa. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya na menyu inatokea pale ulipobofya. Menyu hiyo ni faili la maandishi, menu.xml, na kila kipengele chake kina sehemu ya jina na sehemu ya amri. Mwenye steshenari anafuta jina la Kiingereza, anaandika “Andika barua”, “Chapa”, “Picha za pasipoti”, “Zima mashine”. Akitaka ukingo wa dirisha uwe na rangi ya dhahabu, anafungua faili la mapambo liitwalo themerc na kubadili namba moja ya rangi. Anaandika openbox --reconfigure na sura inabadilika papo hapo, bila kuwasha upya mashine. Hakuna mfadhili anayesubiriwa.

Openbox hiyohiyo ndiyo iliyosimamia madirisha ya Lubuntu, mfumo mwepesi uliojengwa awali juu ya LXDE, mazingira ya kazi yaliyoundwa na Hong Jen Yee wa Taiwan, ukakubaliwa rasmi katika familia ya Ubuntu mwaka 2011. Umuhimu wa mifumo myepesi kama hiyo umeongezeka tangu Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma za kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi zisizokidhi masharti ya Windows 11 zitauzwa kwa bei ya kutupa, na nyingine zitafika huku kwetu.

X nayo inastaafu taratibu, ikiipisha Wayland, mfumo ulioanzishwa mwaka 2008. Waliozoea Openbox hawajaachwa njiani. Programu ya Wayland iitwayo labwc inasoma mapambo yake na kufuata mpangilio wa mafaili yake, na tangu Oktoba 2024 ndiyo inayosimamia madirisha katika Raspberry Pi OS, mfumo wa kompyuta ndogo za Raspberry Pi. Kwa hiyo fundi wa Nyarugusu atakayeandika menyu yake leo kwenye kompyuta ya mtumba ataweza kuihamishia kwenye mashine mpya kesho, na marekebisho yatakuwa machache.