Jike la Ng'ambo ya Mto: Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Pikapu imeshusha Marangu miche ya kupandwa kandokando ya mto. Lebo zimechanika, na neno moja tu ndilo linalosomeka: volkensii. Meku, babu yangu, akainua mche mmoja, akaugeuza, akasema, "Huu si mti wetu."

SASA ENDELEA...

"Meku, heshima yako ipo, lakini usinipandishe presha," mwenyekiti wa kamati ya maji alisema. "Binti huyu kasoma misitu Olmotonyi. Haya mwanangu, tuliagiza mti gani?"

"Cornus volkensii."

"Na hapo pameandikwaje?"

"Volkensii."

"Basi! Shusheni."

Vijana wakarudi kwenye miche. Mimi nilikuwa nimeshachuchumaa. Mti wetu una majani mazima, yanatoka mawili mawili yakitazamana, na mishipa yake inajipinda kuelekea ncha. Haya yalikuwa yamegawanyika vijani vingi kwenye kikonyo kimoja. Nikaishiwa nguvu.

"Mwenyekiti, huu ni mukau. Melia volkensii, ndugu wa mwarobaini. Wakamba wanaupanda Kitui kwa ajili ya mbao. Ni mti wa nyika. Ukiusimamisha penye maji unakufa."

"Mbona jina moja?"

Jina moja kwa sababu ya mtu mmoja. Georg Volkens, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, alifanya utafiti Kilimanjaro kati ya 1892 na 1894, kituo chake kikiwa hapa hapa Marangu, enzi za Mangi Marealle. Alikausha mimea, akaipeleka Berlin, na wenzake kule wakamlipa kwa majina. Hermann Harms ndiye aliyeutangaza mti wetu mwaka 1895. Wengine wakampa Volkens miti mingine, ukiwamo huo mukau. Wapagazi waliombebea mizigo mlimani sijaona waliopewa hata kichaka.

"Kwa hiyo volkensii ni ukoo," meku akasema. "Mwenyekiti, nenda sokoni uite 'Lyimo!' uone wangapi watageuka."

Watu walicheka, isipokuwa mwenyekiti. Pesa za miche zilichangwa kaya kwa kaya, na baba yangu, mweka hazina, ndiye aliyezipeleka kwa muuzaji. Alfajiri hiyo alikuwa ameondoka tena, akasema anamfuata muuzaji Moshi mjini. Tangu saa nne simu yake iliita tu bila kupokelewa.

"Tuagize kwingine," mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini. "Si Kenya upo?"

"Upo. Uko Uganda, mashariki mwa Kongo, unashuka hadi Malawi na Zimbabwe. Lakini ni wa milimani, kwenye misitu ya baridi, karibu na vijito. Jamaa zake wa karibu wako Ulaya, China na California; huku kwetu kusini mwa Sahara jenasi yake haina mwingine. Mwaka 1942 Mwingereza John Hutchinson aliutenga kabisa, akauita Afrocrania. Sasa muuzaji gani wa barabarani atakuwa na miche yake?"

Hakuna aliyejibu. Meku alikwishachukua fimbo yake.

Tulipanda sisi wawili, tukaacha migomba na kahawa, tukafuata mfongo, mfereji wetu wa maji, hadi msitu ulipotufunika. Njiani nilimsimulia kwamba usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya mimea mikavu ya Berlin. Meku alitembea kimya kitambo, kisha akauliza kama Wajerumani waliwahi kurudi kuomba majani mengine. Sikujua kama anatania.

Kwenye ukingo wa mto akaokota jani bichi lililoanguka. Kuchuma hakuthubutu, ndani ya mpaka wa hifadhi hata jani lina mwenyewe. Akalikata katikati polepole, akavitenganisha vipande. Havikuachana. Nyuzi nyembamba nyeupe zilitoka kwenye mishipa, kipande cha chini kikabaki kinaning'inia hewani.

"Huyu ndiye," akasema.

"Basi mbegu tunazo!"

"Huyu dume. Miaka yote namwona anatoa maua, tunda hana. Jike liko ng'ambo."

Maji yalikuwa ya kukata mifupa. Tulivuka tukishikana mikono, giza likaanza kuingia. Jike lilisimama juu ya mwamba, shina lake limevaa kuvu na magamba. Nilinyanyua shingo kutafuta matunda madogo mekundu yanayoelekea zambarau.

Hapakuwa na hata moja.

Chini kulitandikwa turubai. Matawi ya chini yalikuwa yamevunjwa, utomvu haujakauka. Pembeni, gunia limejaa, limefungwa kwa kamba ya katani. Nilipenyeza vidole mdomoni mwa gunia, vikatoka na rangi.

"Meku, kuna mtu anaiba mbegu."

Aliishika ile kamba, akaugusa mfundo wake kwa kidole gumba, taratibu, kama anayesoma. Uso ukambadilika. Nilitaka kumuuliza, lakini mwanga wa tochi ukatupiga machoni kutoka juu ya mwamba.

"Tulieni hapo hapo!"

Askari wawili wa hifadhi. Mmoja alibaki juu na bunduki, mwingine akateremka hadi kwenye turubai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Gunia hili la nani?"

Nilifungua kinywa. Meku akaniwahi.

"Langu."

"Meku!"

"Nyamaza, mjukuu wangu. Ni langu. Binti hahusiki, alinisindikiza tu."

Askari alikuwa anachomoa pingu kiunoni gunia lilipoanza kulia. Simu. Alikata kamba kwa kisu, akazamisha mkono kati ya matunda, akaitoa ikiwa imelowa juisi nyekundu, bado inaita. Akaifuta kioo kwa kiganja, akakisogeza karibu na uso wa meku.

"Yako hii, mzee? Haya, huyu anayekupigia ni nani?"

Meku hakutazama kioo. Alinitazama mimi.

Picha iliyokuwa inawaka pale ilikuwa ya mama yangu.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO