Amortisere na malame za jipu ya zamani: wakati gani kuzibadilisha, na namna gani

Kwenye milima ya Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, ao barabara ya Butembo wakati wa mvua, Land Cruiser ya zamani njo inabeba watu, mihogo, dawa na wagonjwa. Mingi kati ya hizo gari zinatembea na amortisere zilizokufa. Shoferi anazoea kurushwa-rushwa, anasema: "Ni barabara." Mara nyingi si barabara peke yake.

Kila kimoja na kazi yake

Malame na resori ndizo zinabeba uzito. Amortisere haibebi muzigo. Ndani yake kuna pistoni inayopita katika mafuta, na kazi yake ni kutuliza resori isiendelee kudunda. Ikikufa, mupira wa gari unaachia udongo kila mara. Na mupira usiogusa udongo haushike freni, haufuate volani. Katika muteremuko, pale njo watu wanakufia.

Kabla ya kununua piesi, jua gari yako. Land Cruiser HZJ75, iliyotengenezwa mpaka 1999, ina malame mbele na nyuma. HZJ78 na HZJ79 zilizofuata zina resori za kujizungusha mbele, na malame nyuma.

Dalili za kuangalia

- Sukuma kona moja ya gari kwa nguvu, kisha achilia. Ikidunda zaidi ya mara mbili, amortisere imechoka.
- Mafuta yanashuka kwenye mwili wa amortisere.
- Mipira inakulika kwa mabaka-mabaka.
- Gari imelala upande moja hata bila muzigo, ao lame moja imepasuka.
- Kaochu za silanbloki zimekwisha, chuma kinagonga chuma.

Kununua

Badilisha mbili kwa pamoja kwenye ponti moja, kushoto na kuume. Ukiweka moja tu, gari itavuta upande. Kuongeza lame ili kubeba zaidi kuna bei yake: gari ikiwa tupu inaruka sana, na shasi na freni hazikuongezwa nguvu. Malame mapya na amortisere za zamani, ile pia haifai. Kwa amortisere ya okazyo, isimamishe, isukume na uivute kwa mukono: lazima ikatae kidogo pande zote mbili, bila kulegea katikati.

Kazi yenyewe

Tafuta fasi sawa, weka mawe nyuma ya magurudumu. Inua kwa krike, lakini weka shasi juu ya shandeli ao magogo mazito. Usiingie chini ya gari inayoshikwa na krike peke yake. Shika ponti na krike ya pili mbele ya kufungua amortisere, maana ponti ikianguka inaweza kukata fleksibo ya freni. Resori ya kujizungusha ina nguvu ndani yake: shusha ponti polepole, na usiweke uso karibu.

Kwa malame, nunua bride mpya zenye umbo la U. Za zamani zimekwisha kuvutika. Hakikisha kichwa cha bulo ya katikati kimeingia kwenye tundu la ponti. Bulo za silanbloki, zikaze kwa nguvu yote wakati gari iko chini kwa uzito wake. Ukizikaza ingali hewani, kaochu zinajipinda na kupasuka mapema.

Nyuma ya kazi

Kaza tena bride kiisha kilometa mia chache za kwanza. Angalia taa usiku, juu gari ikipanda, taa zinamulika macho ya wengine. Gari mingi za aina hii zina valve ya freni iliyofungwa kwenye ponti ya nyuma. Gari ikibadilisha kimo, mekanisie airekebishe, maana freni za nyuma zinaweza kupungua nguvu.

Na wewe msafiri, ukiona gari inalala upande moja mbele ya kupakiwa, uko na haki ya kuuliza shoferi kabla ya kupanda.