Tope la majitaka katika kilimo: pwani ya Kismayo na Visiwa vya Bajuni

Tope la majitaka ni masalio mazito yanayotuama majitaka yanaposafishwa, au yanayochotwa vyoo vinapojaa. Lina naitrojeni na fosforasi, na husaidia ardhi ya mchanga kushika maji. Lakini halifai kutiwa shambani kabla ya kutibiwa.

Kuanzia Kismayo hadi Ras Kamboni, kusini mwa Somalia, tope linalopatikana hasa ni la vyoo vya shimo. Shida yake si ile ya nchi za viwanda, ambako kemikali za PFAS zililifanya jimbo la Maine, Marekani, kupiga marufuku tope mashambani mwaka 2022. Hapa adui ni yai la mchango, yaani mnyoo wa tumboni. Vijidudu vya kipindupindu hufa mapema tope likikauka, ila yai hilo huweza kukaa udongoni miaka kadhaa likiwa zima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka tope lisizidi yai 1 kwa kila gramu ya tope kavu. Penye joto la nyuzi 20 hadi 35, unashauri lihifadhiwe zaidi ya mwaka mzima, bila kuongezwa tope bichi.

Asiyeweza kusubiri hutengeneza mboji, kwa kuchanganya tope na majani makavu au pumba. Kanuni za Marekani za 1993 zinataka biwi lidumu kwenye nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15 na ligeuzwe mara 5, kwa kuwa pembeni huwa baridi na mayai hujinusuru huko. Chokaa nayo huua vijidudu, na pwani hii imechoma chokaa ya matumbawe tangu zamani. Hata hivyo, uchomaji huo hula kuni na matumbawe, na kumaliza miti na mazalio ya samaki ili kupata mbolea ni hasara tupu.

Visiwani Koyama, Chovai na Chula, tahadhari izidi. Udongo ni haba, mwamba wa matumbawe una vitundu, na uchafu hupenya upesi hadi kwenye maji ya visima. Tope lililoiva litiwe kwenye minazi iliyo mbali na visima, au lisitumike kabisa. Bonde la Mto Juba, karibu na Goobweyn, lina nafasi zaidi: mahindi, ndizi na miembe hulifaa, mradi mafuriko yawe yamepita. Mchicha, nyanya na vitunguu visitiwe tope kamwe.

Kampala ina mfano wa kuigwa. Mtambo wa Lubigi, uliofunguliwa 2014, hupokea magari ya kunyonya vyoo, hulianika tope kwenye vitanda vya kukaushia, na wakulima hulinunua likiwa kavu. Kismayo jua lipo tele, lakini kukauka pekee hakutoshi: tope lisilojulikana limehifadhiwa muda gani lisipelekwe shambani.