Kindu 1961: Uvumi, Kaburi na Masomo Mawili

Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za mizigo aina ya C-119 zilitua Kindu, nchini Kongo. Ndani yake walikuwamo wanahewa 13 wa Italia, wa kikosi cha Pisa, waliokuwa wakiwapelekea shehena askari wa Malaya wa Umoja wa Mataifa. Walikamatwa wakiwa mezani, kisha wote wakauawa.

Kosa lao lilikuwa nini? Januari mwaka huohuo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Katanga, maofisa wa Kibelgiji wakishuhudia. Askari waliokuwa Kindu walimtii Antoine Gizenga wa Stanleyville, mshirika wa Lumumba, na hofu yao kubwa ilikuwa mamluki wa Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Walipowaona Wazungu wenye sare wakishuka ndegeni, waliamini hao ni makomandoo wa Kibelgiji. Uvumi, kisasi na silaha mikononi mwa askari wasiodhibitiwa: hayo ndiyo anayoyachambua mwanakriminolojia.

Lakini uvumi haukukomea hapo. Habari zilizoenea duniani zilidai maiti zimetupwa katika mto Lualaba. Februari 1962 miili ilipatikana Tokolote, karibu na Kindu, ikiwa imezikwa. Ardhi ilikanusha yaliyosemwa. Katika udongo wenye joto na unyevu nyama huoza upesi. Mchunguzi wa kisayansi hubaki na meno, mifupa, vifungo na mabaki ya nguo. Vinasaba havikuwa vikitumika bado: Alec Jeffreys aligundua njia ya kuwatambua watu kwa vinasaba mwaka 1984, huko Leicester.

Vyuo vikuu navyo vilichukua muda kuyaweka masomo hayo mawili, kriminolojia na uchunguzi wa kisayansi wa ushahidi, chini ya paa moja. Daktari wa Italia Cesare Lombroso alitoa kitabu chake juu ya mhalifu mwaka 1876, akidai uhalifu husomeka kwenye fuvu. Dai hilo lilianguka. Mwaka 1909 Rodolphe Archibald Reiss, bingwa wa picha, alianzisha Lausanne, Uswisi, shule ya polisi ya kisayansi. Kriminolojia ikaja kuungana nayo baadaye. Nchini Kongo, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Shule ya Kriminolojia.

Faida ya kuyaoanisha ilionekana Kavumu, Kivu Kusini. Wasichana wadogo walikuwa wakitekwa usiku na kubakwa. Madaktari wa hospitali ya Panzi waliandika majeraha yao mtoto kwa mtoto. Wapelelezi wakafuatilia imani ya wanamgambo kwamba damu ya bikira huwakinga na risasi. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 11, akiwemo mbunge wa jimbo Frederic Batumike, kifungo cha maisha. Majeraha peke yake yangethibitisha ukatili bila kumtaja mtendaji. Imani peke yake ingebaki maneno ya mitaani. Mwanafunzi wa Maniema, jimbo la Kindu, anayetaka kufanya kazi hii asichague somo moja akaliacha jingine.