Karatasi Mlangoni mwa Shule

Mwanafunzi wangu, ukiifungua leo tovuti ya bajeti ya Wizara ya Fedha ya Uganda, waweza kuitafuta wilaya ya kwenu na kuziona fedha ilizotengewa. Tovuti hiyo ilizinduliwa mwaka 2013. Huenda ukadhani historia yake inaanza na kompyuta. Mimi naona inaanza na karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa shule ya msingi.

Rudi nami hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Serikali ilikuwa ikitoa ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, mbali na mishahara ya walimu. Katika daftari za Kampala, fedha zilikuwa zimekwisha kutoka. Ndipo watafiti wa Benki ya Dunia, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walipofuatilia safari ya ruzuku hiyo katika shule zipatazo 250, kuanzia mwaka 1991 hadi 1995. Walikuta kwamba, kwa wastani, shule zilipokea asilimia 13 tu ya fedha zake. Nyingi hazikupata hata shilingi moja. Sehemu kubwa ilikuwa imekwama wilayani, mikononi mwa maofisa na wanasiasa, huku wazazi wakiendelea kutoa michango ili shule zisifungwe.

Zingatia jambo hili: takwimu zote zilikuwepo. (Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na katika kamusi za zamani lilimaanisha pia kalenda.) Wizara ilijua ilichotuma, mwalimu mkuu alijua alichopokea. Ila daftari hizo mbili hazikuwahi kuwekwa pamoja juu ya meza moja, na mzazi hakujua hata kwamba kuna ruzuku ya kuuliziwa.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1997, serikali ilichapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, mwezi kwa mwezi, na shule zikatakiwa kubandika hadharani zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Wako wataalamu wanaopinga kwamba magazeti pekee ndiyo yaliyoleta mabadiliko hayo, kwani elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka huohuo wa 1997 na usimamizi wa fedha nao ukakazwa. Nakubaliana nao kwa sehemu. Hata hivyo, ni vigumu kumnyima mzazi haki yake ilhali ameisoma kwa macho yake.

Tovuti inaweza mengi yasiyowezekana kwa karatasi: kulinganisha miaka, kupanga wilaya sambamba, kumpa mtu aliye Kampala habari za Karamoja. Lakini karatasi ilimngoja mzazi mlangoni, bila bando wala umeme. Tovuti haimngoji mtu. Sharti aijue na aitafute.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi la kuzisoma tarakimu za wilaya zao na kuzieleza kwa Kiswahili sanifu. Binti mmoja wa dawati la nyuma aliandika sentensi yake ubaoni, akasita, kisha akanigeukia: “Mwalimu, niandike fedha zimetengwa, zimetumwa, au zimefika?”

Nilimwambia aandike zimetengwa. Kuhusu zimefika, tulikubaliana kwamba atakapokwenda likizo atapita katika shule aliyosomea, amuulize mwalimu mkuu.