Chala: Mpaka Juu, Maji Chini

Kwetu ni Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Huku hata mtoto anajua kwamba maji hayaanzii kwenye bomba. Msitu wa juu hukamata ukungu, maji hushuka, nasi tunachota. Ndiyo maana historia ya Ziwa Chala naisoma kwa kuanzia mlimani.

Chala liko Taveta, mwisho mwingine wa kaunti yetu, kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro. Ni shimo la volkeno lililojaa maji. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4 na kidogo tu, lakini kina chake kinapita mita 90. Kuta zake ziko wima, kwa hiyo unaweza kulikaribia kabisa na usilione, mpaka ufike ukingoni. Mamba wamo, so kuogelea sahau. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Maji yake mengi ni mvua ya msitu wa Kilimanjaro, iliyozama ardhini ikasafiri chini kwa chini.

Mmisionari Mwingereza Charles New alifika hapa 1871. Miaka 15 baadaye, Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakakubaliana mpaka upite katikati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga. Ile stori ya Malkia Victoria kumpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ya bethidei ni porojo. Mlima uligawiwa kwa mkataba, na leo mstari wake unakata ziwa: upande huu Kenya, ule Tanzania.

Mstari huo uliua watu. Agosti 1914 Wajerumani waliteka Taveta. Mwaka 1915 wakashambulia Kasigau, na Waingereza wakawalaumu wazee wetu kwamba wamemsaidia adui. Watu wa Kasigau wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walikufa. Machi 1916 majeshi ya Smuts yakachukua vilima vya Chala yakielekea Moshi.

Lakini ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko mkataba wowote. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa sakafu yake wakatoa tope la zaidi ya mita 200, lenye historia ya takriban miaka 250,000. Limejipanga matabaka kwa matabaka, kama kurasa, na kila tabaka linaeleza mvua na ukame wa zama zake. Humo ndani, muda wote tangu 1886 ni utando mwembamba tu wa juu.

Kwenye maji hayo kuna perege asiyepatikana kiasili mahali pengine popote duniani. Wataalamu walimwandika 1889 kwa jina *Oreochromis hunteri*, wakimkumbuka mwindaji wa Kizungu, utadhani wavuvi wa hapa hawakuwa na jina lake. Leo yumo kwenye orodha ya viumbe walio karibu kutoweka, na perege wa kuletwa wanashindana naye humo humo.

Samaki huyo haonyeshi pasipoti akivuka. Kenya ikimlinda peke yake, haitoshi. Na msitu wa upande wa Tanzania ukikatwa, ziwa la Taveta ndilo litakalopungua. Sisi wa Kasigau tunalijua hilo bila kusubiri mkataba: anayekata msitu juu, amefunga bomba la aliye chini.