Uundaji wa Istilahi za Sheria katika Kidenmaki

Istilahi za sheria za Kidenmaki humtisha mfasiri kwa urefu wake. Hata hivyo urefu huo una utaratibu, na utaratibu huo una historia.

Mzizi mkuu ni *lov*, yaani sheria. Asili yake ni lugha ya kale ya Skandinavia, na maana yake ya awali ni kile kilichowekwa. Mwaka 1241 Mfalme Valdemar II alitoa Sheria ya Jutland, nayo iliandikwa kwa Kidenmaki, si kwa Kilatini. Mwaka 1683 Mfalme Christian V akatoa sheria moja kwa Denmaki nzima. Kwa hiyo ilipotolewa katiba ya tarehe 5 Juni 1849, mzizi huo ulikuwa umekwisha kuzoewa kwa karne nyingi. Katiba hiyo iliitwa *grundlov*, kutokana na *grund*, yaani msingi, na *lov*.

Katika maneno ambatani ya namna hii, neno la mwisho ndilo kichwa, na yanayotangulia hulifafanua. Kwa mfano, *erstatningsansvarslov*, jina la sheria iliyotungwa mwaka 1984, lina *erstatning* (fidia), *ansvar* (wajibu) na *lov*. Mfasiri huanzia mwisho: sheria ya wajibu wa kulipa fidia.

Baina ya sehemu hizo imo herufi *s*, ambayo asili yake ni alama ya umilikishi. Mara nyingine huwekwa kwa desturi tu, kama ilivyo baada ya *erstatning*. Lakini mara nyingine hubeba maana. Badiliko la sheria huitwa *lovændring*, bila *s*. Badiliko la katiba huitwa *grundlovsændring*. Hapo *s* yatujulisha kwamba *grund* na *lov* zimekwisha kushikamana kuwa neno moja, ndipo likaongezwa *ændring*, yaani badiliko.

Jambo hili si dogo. Sheria ya kawaida hubadilishwa na Bunge. Katiba ya mwaka 1953 yataka Bunge lipitishe badiliko, uchaguzi ufanyike, Bunge jipya lilipitishe tena, kisha wananchi wapige kura. Na wanaokubali wawe wengi kuliko wanaokataa, na wasipungue asilimia 40 ya wenye haki ya kupiga kura.

Sisi hatuna *s* hiyo, lakini tuna upatanisho wa ngeli. “Badiliko la sheria ya msingi” ni badiliko la katiba. “Badiliko la sheria la msingi” ni badiliko kubwa la sheria yoyote. Silabi moja ndiyo inayotenganisha maana hizo. Basi mfasiri na atafute kwanza kiungo cha neno la Kidenmaki, ndipo achague kati ya *ya* na *la*. Akikosea hapo, msomaji atadhani kwamba Bunge peke yake laweza kutenda jambo ambalo kwa kweli lahitaji kura ya wananchi.